Karamu ya Waskoti na sanduku lililoizaa

Kadi ya mwaliko ina mistari michache, na karibu kila mstari unahitaji mkalimani. Juu kuna jina la chama: Chama cha Mtakatifu Andrea, au Chama cha Kaledonia, au Klabu ya Burns. Chini yake: chakula cha jioni cha mwaka, pamoja na ceilidh, yaani dansi ya Kiskoti. Kisha mavazi: ya Nyanda za Juu za Uskoti, au suti nyeusi na tai ya kipepeo. Mwisho kabisa, mara nyingine, imeandikwa kwamba magari ya farasi yatakuwa mlangoni saa sita usiku. Farasi hawaji. Ni namna ya zamani ya kumwambia mgeni sherehe itaisha saa ngapi.

Mswahili anayeishi Chicago, Toronto au London huipata kadi hii kutoka kwa jirani au mfanyakazi mwenzake, na swali linalofuata ni la haki kabisa: nikienda, nakwenda kwenye nini? Ni ibada? Ni harusi? Ni kikao cha ukoo? Jibu langu ni kwamba unakwenda kwenye siku ya mwaka ya chama cha kufa na kuzikana. Nyama, mashairi, kilti (ile sketi ya wanaume wa Kiskoti) na ngoma vyote vimeota juu ya hilo, na asiyelijua hilo ataiona karamu nzima kama maigizo.

Kwa hiyo tuanze na sanduku. Mwaka 1603 Mfalme James wa Sita wa Uskoti alirithi pia kiti cha Uingereza, akahamia London. Waskoti wengi wakamfuata: watumishi, mafundi, wafanyabiashara, na watu wasio na kitu waliosikia kwamba mjini kuna riziki. Sheria ya maskini ya Uingereza wakati huo iliiachia kila parokia mzigo wa kuwatunza wahitaji wake, na Mskoti hakuwa na parokia London. Akiugua, aliugua peke yake. Akifa, hapakuwa na mtu aliyelazimika kumchimbia kaburi. Ndipo waliojiweza wakaweka sanduku, kila mmoja akitumbukiza sarafu zake. Habari za sanduku hilo zinarudi nyuma hadi mwaka 1611. Mwaka 1665 Mfalme Charles wa Pili alikipa chama cha sanduku hilo hati ya kifalme, mwaka uleule tauni ilipoikumba London na makaburi kuwa kazi ya kila siku. Chama hakijafa. Leo kinaitwa ScotsCare na bado kinawasaidia Waskoti wenye shida jijini humo.

Ng'ambo ya bahari ilikuwa hivyohivyo. Chama cha hisani cha Waskoti wa Boston kilianzishwa mwaka 1657. Wengi wa Waskoti waliokuwa kule hawakwenda kwa hiari: walikuwa askari waliotekwa na jeshi la Oliver Cromwell kwenye vita vya Dunbar mwaka 1650 na Worcester mwaka 1651, wakapakiwa melini, wakauzwa kuwa vibarua kwa miaka kadhaa, baadhi yao kwenye kiwanda cha chuma huko Massachusetts. Mtu wa namna hiyo akimaliza miaka yake anatoka mikono mitupu katika nchi asiyokuwa na shangazi wala mjomba. Charleston wakaunda chao mwaka 1729, Philadelphia 1747, New York 1756. Chicago walianza mwaka 1845 na kufikia mwaka 1910 walikuwa wamefungua nyumba ya kuwatunzia wazee wao. Karamu yao ya mwaka huiita Karamu ya Hagisi, kwa jina la chakula cha matumbo ya kondoo tutakachokifikia, na fedha za karamu na fedha za wazee hazijawahi kuwa mbalimbali sana.

Aliyewahi kuishi ugenini hahitaji kuelezwa zaidi. Simu inaita usiku: mwenzetu amefariki hospitalini, hana ndugu hapa, maiti inatakiwa ifike Moshi au Kisumu. Kufika asubuhi orodha ya michango inazunguka kwenye simu za watu, na kuna mama mmoja mwenye daftari anayejua nani ameahidi na nani ametoa. Wale wa sanduku la London walikuwa na daftari kama la mama huyo.

Sasa, karamu ipi? Ziko mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa Uskoti, tarehe 30 Novemba. Hiyo ndiyo siku ya vile vyama vya kale. Ya pili ni ya mshairi Robert Burns, mwishoni mwa Januari, na ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Burns alizaliwa mwaka 1759 katika kijiji cha Alloway, mtoto wa mkulima, akafa mwaka 1796 akiwa na miaka 37. Julai 1801, alipotimiza miaka mitano kaburini, wanaume tisa waliompenda walikutana katika nyumba aliyozaliwa, wakala hagisi na kichwa cha kondoo, wakamsomea mashairi yake. Haikukusudiwa kuwa desturi ya dunia. Mwaka uliofuata klabu ya mji wa Greenock ikaandaa karamu ya kuzaliwa kwake tarehe 29 Januari, na ikaja kugundulika katika daftari la kanisa kwamba tarehe ilikuwa 25. Walirekebisha na wakaendelea. Mwaka 1859, alipotimiza miaka mia tangu kuzaliwa, ziliorodheshwa sherehe 872: Uskoti peke yake 676, Marekani 61, na nyingine kwenye makoloni na kwingineko. Watu walikuwa wamesafiri, na mshairi wao walimbeba.

Hapa ndipo fundo linapokaza. Burns alikuwa mtu wa Nyanda za Chini. Aliandika kwa Kiskoti na Kiingereza. Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu, hakuwa nacho. Kilti haikuwa vazi la kwao. Watu wa Nyanda za Chini kwa karne nyingi waliwaona wenzao wa milimani kuwa wezi wa ng'ombe wasiosikika lugha, na wale wa milimani nao walikuwa na yao ya kusema. Lakini ukiingia ukumbini usiku huo utakuta mashairi ya Nyanda za Chini yakighaniwa na mtu aliyevaa kilti ya Nyanda za Juu, na baadaye watu wote wanacheza kitu chenye jina la Kigaeli.

Vazi lenyewe lina historia yenye makovu. Baada ya wapiganaji wa ukoo wa Stuart, wengi wao watu wa milimani, kushindwa huko Culloden tarehe 16 Aprili 1746, bunge lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu, yaani kilti na tartani, kile kitambaa cha mirabaraba, isipokuwa waliokuwa askari wa mfalme. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott aliyesimamia mapokezi aliwavisha watu tartani hata wale ambao babu zao wasingeigusa. Kuanzia hapo kila ukoo ulitaka rangi zake. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojidai kuwa wajukuu wa nasaba ya Stuart walichapisha kitabu cha tartani za koo, wakisema wamekinakili kutoka hati ya kale. Hati hiyo ya kale haikuwahi kuwepo, na bado baadhi ya mipango ya rangi iliyomo inavaliwa na watu kwa fahari hadi leo. Tangu mwaka 2009 kuna daftari rasmi la serikali la tartani, na mtu yeyote, hata kampuni au mji, anaweza kusajili yake.

Wako wanaosikia haya na kusema basi yote ni uongo. Sikubaliani nao. Nenda kwenye sherehe ya Watanzania ughaibuni tarehe 9 Desemba: utakula pilau ya Pwani, utaona shuka za Kimasai mabegani mwa watu wasiojua mlango wa boma, na vijana watacheza sindimba ya Wamakonde ilhali wazazi wao wametoka Bukoba. Nyumbani kila kimoja kina mwenyewe. Ugenini, ambako hakuna anayekutofautisha na jirani yako, vyote vinakuwa vyetu. Waskoti walitangulia tu kupita njia hiyo, na walipita baada ya kupigana kweli.

Turudi mezani. Hagisi ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vilivyokatwakatwa na kuchanganywa na shahamu, kitunguu, oti, chumvi na pilipili manga ya kutosha, kisha vikafungwa ndani ya tumbo la kondoo na kuchemshwa polepole. Aliyezoea mutura kwenye majiko ya Nairobi hatashtuka. Oti ndizo zinazoishika nyama isitawanyike, na pilipili manga ndiyo inayobaki ulimini. Huliwa na viazi vilivyopondwa na tanipu za manjano zilizopondwa pia. Marekani kuna jambo la kipekee: tangu mwaka 1971 serikali imekataza mapafu ya mifugo kwenye chakula cha watu, hivyo hagisi ya Chicago au Boston hupikwa bila mapafu, na wazee wa chama wana maoni makali juu ya hilo. Mgeni Mwislamu aulize mapema kuhusu uchinjaji. Tangu mwaka 1984 kampuni ya Macsween ya Edinburgh imekuwa ikitengeneza hagisi isiyo na nyama kabisa, na kumbi nyingi huiweka. Glasi ya wiski inaweza kuwa ya juisi. Kinachohesabiwa ni kusimama na kuinyanyua.

Kabla ya yote husomwa dua fupi kwa Kiskoti, ya mistari minne, isemayo kwamba wako wenye chakula wasioweza kula, na wako wawezao kula wasio na chakula. Sisi tunacho na tunaweza, kwa hiyo Mungu ashukuriwe. Sijui dua ya mezani inayosema mengi kuliko hiyo kwa maneno machache hivyo. Na ukikumbuka lile sanduku, unaielewa zaidi.

Kisha milango inafunguliwa. Mpiga zumari ya mfuko anatangulia, mpishi nyuma yake na sinia juu ya mikono miwili, wageni wamesimama wanapiga makofi kufuata mdundo. Sinia linazunguka ukumbi mzima kabla ya kutua meza kuu. Mtu mmoja anaanza kulighani shairi la Burns la beti nane linalozungumza na hagisi yenyewe kama anavyozungumza mtu na chifu wake. Kwenye ubeti wa tatu, shairi linapotaja kisu, mghani anachomoa kisu, anakifuta kwenye mkono wa koti, anakishusha mara moja. Tumbo linafunguka, mvuke unapanda hadi usoni mwake, na shairi wakati huohuo linausifu mvuke. Jikoni wameshaitoboa kidogo kabla, kwa sababu hagisi iliyojaa inaweza kupasuka na kumrukia mtu.

Wageni wengi huona hapo kisu tu. Lakini shairi hilo, lililochapishwa gazetini Edinburgh mwaka 1786, lina hoja. Burns anaweka mezani chakula cha mkulima, matumbo ambayo tajiri huyatupa, kisha anamtazama anayekula vyakula laini vya Kifaransa na kuuliza miguu yake ina nguvu gani. Anasema heshima iko kwenye sahani ya maskini. Ndiyo maana chakula hicho kinaingia kwa zumari na watu wanakisimamia.

Hotuba hufuata, na ile kubwa huitwa Kumbukumbu Isiyokufa, inayomweleza Burns na maisha yake. Siku hizi wasemaji waaminifu hawaruki sehemu ngumu. Mwaka 1786, kabla hajajulikana, Burns alikuwa amepanga kwenda Jamaica kufanya kazi kwenye shamba la miwa, yaani kuwa sehemu ya mfumo wa utumwa. Kitabu chake cha kwanza kikatoka Kilmarnock tarehe 31 Julai mwaka huo, kikapendwa, akabaki. Kwa upande mwingine, miaka mingi baadaye, Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Marekani na kuwa sauti kubwa ya kuupinga, alimpenda Burns mno. Mwaka 1846 alizuru nchi ya Burns, na Januari 1849 alisimama kuzungumza kwenye karamu ya Burns mjini Rochester. Msemaji anayemtaja Burns wa Jamaica bila Douglass, au Douglass bila Jamaica, amemaliza nusu ya kazi. Baada ya hapo huja hotuba ya wanaume kuwasifu wanawake, na wanawake hujibu. Anayejua utani wa Wasukuma na Wazaramo atajua mara moja sauti inayotakiwa.

Neno moja juu ya zumari. Ni mfuko wenye bomba la kupuliza, bomba moja la wimbo lenye noti tisa, na mabomba matatu ya kuvuma yasiyonyamaza. Sauti hiyo si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Ghuba nzima ina zumari yake ya ngozi ya mbuzi, iitwayo habbani, na Oman leo ina vikosi vya zumari za Kiskoti hata vya wapanda ngamia. Mombasa ya enzi za beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, lilikuwepo kundi lililojiita Skochi, ambalo wachezaji wake walipita mitaani wamevaa kilti kushindana na makundi mengine. Wale hawakuwa wakiwaiga Waskoti kwa kukosa cha kwao. Walitwaa vazi la wenye nguvu na kulitia kwenye mashindano yao wenyewe, na hapo wanafanana sana na watu wa Nyanda za Chini walioitwaa kilti.

Sasa ceilidh, ambayo hutamkwa keili. Kwa Kigaeli maana yake ni kutembeleana. Usiku wa baridi jirani waliingia nyumba moja, wakakaa kuzunguka moto, mmoja akasimulia, mwingine akaimba, mwingine akatoa fidla. Ni baraza, ila imeingizwa ndani kwa sababu ya mvua. Katika karne ya 20 neno hilo likahamia zaidi kwenye dansi. Liko pia shirika la dansi za kijadi za Kiskoti, lililoanzishwa Glasgow mwaka 1923, ambalo wafuasi wake hufundishwa kunyoosha vidole vya miguu na kuhesabu kila hatua. Keili haidai hayo. Inadai ujue kushoto na kulia, na hata usipojua, mtu atakusukuma unakotakiwa kwenda.

Bendi ni fidla, kodiani na ngoma, na mbele yake yuko mtu wa kuita hatua kwenye kipaza sauti. Dansi ninayoipenda kuliko zote ni ile iitwayo Sajenti Mweupe Mwenye Mbwembwe, nami nitaieleza polepole kwa sababu ndani yake kuna siri ya usiku mzima. Mnasimama watatu watatu, mikono mmeshikana, mkitazamana na watatu wengine, na makundi kama hayo yanazunguka ukumbi. Mnafanya duara la watu sita: hatua nane kushoto, nane kulia. Kisha wa katikati anamgeukia wa kulia kwake, wanapiga hatua mahali pamoja, wanazungushana. Halafu wa kushoto, vivyo hivyo. Halafu wote watatu wanapishana kwa kuchora namba nane sakafuni, sehemu ambayo mgeni hupotea kila mara. Kisha mistari miwili inasogeleana na kupiga miguu chini mara tatu, inarudi nyuma na kupiga makofi mara tatu. Inasogea tena, mstari mmoja unainua mikono juu, mwingine unapita chini yake, na mbele yenu wako watatu wapya ambao hamjawahi kuwaona. Wimbo hausimami. Mnashikana nao mikono na kuanza upya.

Kwa robo saa mtu ameshika mikono ya nusu ya ukumbi. Daktari, fundi bomba, bibi wa miaka themanini, mtoto aliyeletwa na wazazi wake, wewe uliyetoka Tanga juzi. Mezani mlikuwa mmekaa kwa vyeo, meza kuu mbele na wengine nyuma, hotuba zikishuka kutoka juu. Dansi inavunja mpango huo bila kumwomba mtu ruhusa. Wale Waskoti wa mwanzo walijiunga na sanduku bila kujuana. Chama cha namna hiyo hakidumu kwa kulipa ada pekee, kwa sababu mtu humchangia kwa moyo yule ambaye amewahi kushika mkono wake.

Ipo dansi nyingine kali zaidi, iitwayo Kuuvua Mti wa Mwerebi Magome, ambamo mistari miwili mirefu inasimama na mtu anateremka akizungushwa na kila aliye mbele yake, mkono huu kwa mgeni, mkono ule kwa mwenzi wake, hadi chini. Shauri langu kwa anayeanza: shikaneni viwiko, si vidole, na bibie aliyevaa viatu virefu avivue mapema. Wengi huwa wameshavua.

Karibu na saa sita bendi inapunguza mwendo, watu wanafanya duara moja kubwa, na kinaimbwa kile kibao cha kukumbuka siku za kale, Auld Lang Syne, ambacho Burns alikipeleka kwa mchapishaji mwaka 1788, akisema amekinakili kutoka kwa mzee mmoja. Dunia nzima hukiimba mwaka mpya, na karibu dunia nzima hukosea: wanapishanisha mikono kifuani tangu mwanzo. Wenyewe husubiri. Beti za kwanza mnashikana mikono kawaida, mmesimama mbali mbali. Ni ubeti wa mwisho tu, shairi linapomwambia rafiki huu hapa mkono wangu nipe wako, ndipo mkono wa kulia unakatiza kifua kumshika jirani wa kushoto, na duara linabana hadi mabega yanagusana.

Kisha taa zinawashwa. Watu wanatafuta makoti na viatu. Kwenye meza ndogo karibu na mlango mweka hazina, kilti yake bado kiunoni, ameketi na bati la biskuti mbele yake, anazihesabu pesa za bahati nasibu na kuandika.